Jumamosi alasiri, kijana wangu asome nini?

Mhariri,

Mara kwa mara nasoma katika ukurasa huu malalamiko ya wazazi na walimu kwamba wavulana wa siku hizi hawashiki kitabu, simu imewameza. Naomba nafasi niseme langu. Nina mvulana wa miaka 11, yuko Gredi ya Sita, na kila juma hukaa saa 25 bila simu, bila runinga, bila hata redio. Siku hiyo simu haina lawama nyumbani kwangu. Na bado swali la asome nini limenitoa jasho kuliko karo.

Sisi ni Wayahudi. Najua msomaji atairudia sentensi hiyo mara mbili, si neno. Tunakaa Manyatta, hapa Kisumu. Mimi ni Mnyore, nimekulia karibu na misheni ya Kima. Mama watoto ametoka Mbale, ng'ambo ya mpaka, kwenye vilima ambako Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, na watu wake walianza kushika Torati mwaka 1919. Nilivyoingia mimi ni hadithi ya barua nyingine. Majirani wengi wanatuhesabu kuwa Wasabato kwa sababu Jumamosi hatufungui kazi, nami nimeacha kuwasahihisha. Kuna mama Msabato mlango wa tatu ambaye kila Ijumaa jioni hunipungia mkono, "Sabato njema, Baba!", namrudishia, kila mtu anaingia kwake.

Tangu jua lizame Ijumaa mpaka nyota 3 zionekane Jumamosi hatuwashi kitu wala kuzima, hatuandiki, hatununui. Taa ya sebuleni huachwa inawaka, githeri hulala juu ya jiko lililofunikwa majivu, na asubuhi hupita na sala. Shida huanza alasiri. Hatua kama 50 kutoka mlangoni kwetu pana kibanda cha mpira, na Jumamosi ndiyo siku ya ligi ya Uingereza. Kelele zinaingia dirishani kama moshi wa jirani. Nimemkuta kijana ameketi kitandani, kitabu kimelala magotini, anajaribu kukisia nani amefunga kwa kusikiliza ni kundi lipi linapiga mayowe. Kitabu nitakachompa lazima kishindane na mayowe hayo. Kitabu legelege hakimalizi hata kipindi cha kwanza.

Nami ni mtu wa vitabu, ila kwa njia ya mikono. Kazi yangu ni kujalidi: vitabu vya shule vilivyokatika mgongo, Biblia za akina mama, madaftari ya hesabu za chama. Nina meza sokoni Kibuye, sindano ya gunia, uzi uliopakwa nta, gundi na vipande vya kadibodi. Kwa jinsi vitabu vinavyopita mbele yangu nilidhani kumchagulia mwanangu mwenyewe ni jambo la kunyoosha mkono tu. Kumbe.

Cha kwanza nilichonunua kilikuwa kinene, kimejaa mafumbo ya kujaza maneno, picha za kupaka rangi, na vitu vya kukata kwa mkasi. Nilikilipia shilingi 450 nikijiona baba wa maana. Ilipofika Jumamosi ndipo nilipokumbuka kwamba hatuandiki wala hatukati. Mtoto alikitazama mchana kutwa kama mbwa anavyotazama nyama iliyotundikwa. Usiku, mshumaa wa kuagana na Sabato ulipozimwa, alichomoa penseli akajaza kurasa 4 bila kuinua kichwa. Majibu yote alikuwa ameyaweka kichwani tangu saa nane. Kwa hiyo si hasara tupu, lakini si hiyo niliyoitaka.

Dada zake hawanisumbui. Mkubwa husoma hata karatasi iliyofungiwa sukari. Mvulana wa umri huu ndiye mgumu, kwa sababu yuko katikati ya mlango: vitabu vya sungura na fisi anavionea haya marafiki wakimwona navyo, na vya watu wazima vinamtisha. Wa kwetu ana mzigo mwingine juu ya huo. Akifika miaka 13 ataitwa kusoma Torati mbele ya watu, kwa Kiebrania, na katika gombo lenyewe herufi hazina alama za irabu. Unazijua au hujui. Kwa hiyo kila jioni, kazi za shule zikiisha, tunakaa nusu saa, tunasoma kutoka kulia kwenda kushoto. Mchana kutwa alikuwa anasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Siku moja aliniambia, "Baba, macho yangu yamechoka kugeuza gari."

Mtoto wa namna hiyo ukimpa Jumamosi kitabu kingine cha kumfunza, umemwongezea somo. Hapo ndipo ninapogombana na wazazi wengi, wa dini zote, pamoja na shemeji yangu mmoja ambaye kila mwaka hutuletea kitabu cha mtoto mwema. Mtoto mwema mnamjua. Anaamka kabla ya jogoo, anaosha vyombo bila kuambiwa, wenzake wanamcheka, na mwishoni anatuzwa. Kijana wangu alifungua kimoja, akasoma kurasa 2, akakifunga. "Baba, huyu ataokota pochi, atairudisha, na mwenye pochi atamlipia karo." Nikafunua ukurasa wa mwisho. Pochi ilikuwepo. Karo pia.

Sisemi watoto wafundishwe wizi. Nasema mtu wa miaka 11 anajua kunusa mahubiri kwa mbali kuliko mbwa wa polisi, na akishanusa, kitabu kimekwisha.

Mwaka juzi mgeni mmoja Mmarekani aliyepitia Mbale aliacha katoni ya vitabu vya watoto wa Kiyahudi, na mama mkwe akatugawia 9. Nilifurahi kupita kiasi. Ndani yake mlikuwa na wavulana wa makoti meusi, theluji hadi magotini, na mchezo wa besiboli ambao baada ya maelezo marefu tulikubaliana kwamba ni raunda za wanaume. Mlikuwa na Ijumaa za kiangazi ambapo jua linakataa kuzama na watoto wanasinzia wakiingoja Sabato. Jambo hilo lilimshangaza kuliko theluji, maana hapa kwetu ikwetani Ijumaa zote zinakaribiana urefu. Kimoja alikipenda sana, cha mvulana mpelelezi aliyemnasa mwizi kwa kuangalia alama za tairi. Alikisoma mara 3. Lakini alipokimaliza mara ya tatu aliuliza, "Kwani kwenye vitabu Wayahudi wote ni wazungu?"

Tulikuwa tumerudi juzi tu kutoka Nabugoye, kule kwa Wayahudi wa Mbale, tumekula Pasaka na umati wa watoto weusi kama yeye, wanaoimba Kiebrania kwa lafudhi ya Kiganda. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa anakiuliza kitabu, si mimi.

Sasa nieleze kilichoshinda kibanda cha mpira, kwa sababu hakikuwa cha dini hata kidogo. Nilikipata hapo Kibuye kwenye gunia la vitabu kuukuu, shilingi 80. Hakina jalada, hakina kurasa 6 za kwanza, mwandishi simjui. Ni cha samaki wa Ziwa Victoria, picha za rangi na maelezo mafupi ya Kiingereza. Nilikishona upya kwa mishono mitano, nikakivika kadibodi ya sanduku la biskuti, nikakiacha mezani bila kusema kitu. (Hiyo ni mbinu. Kitabu ukimkabidhi mvulana mkononi, kimekuwa amri.)

Torati inasema samaki wa kuliwa awe na mapezi na magamba. Ngege anayo, mbuta anayo, hakuna mjadala. Mumi hana, ngozi yake imeteleza tupu kama sabuni iliyolowa, basi haingii kwetu, ingawa mama yangu kule Bunyore haamini mpaka leo kwamba Mungu angemnyima mtu mumi. Jumamosi moja kama saa kumi, mayowe ya kibanda yamepamba moto, kijana akaja na kidole juu ya ukurasa. "Na omena?" Tunakula omena mara 2 kwa juma, na mimi kwa kweli sikuwahi kumwangalia omena usoni. Mke wangu alisema kwao wanasema anafaa. Wanasema haikumtosha. Picha ilikuwa ndogo kuliko njiti ya kiberiti.

Jumapili asubuhi tulikwenda Dunga. Mama mmoja muuza samaki alimwekea omena 3 wabichi kiganjani, bure, huku akitucheka. Kijana alimlaza mmoja juu ya kidole, akamkwangua kwa ukucha wa gumba kutoka mkiani kuelekea kichwani, taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Akainua gumba kwenye jua. Chini ya ukucha palikuwa na vipande vinavyometameta, vidogo kuliko punje ya chumvi. Akavipanga kwenye kipande cha karatasi nyeusi alichokuwa amekileta mfukoni, kumbe alijiandaa. "Ana magamba!" Sauti ilifika mashuani. Yule mama akaniuliza kwa upole kama mtoto huyu hajawahi kula omena.

Tangu hapo kitabu hicho hakilali. Amenikatia mjadala wa samaki wanane. Na hebu niwaulize wachapishaji wetu: kwa nini kitabu cha samaki wa ziwa letu, chenye picha nzuri na Kiswahili kinachosomeka, ni mpaka nikiokote kwenye gunia tena kwa Kiingereza? Mvulana anataka kujua kitu kinavyofanya kazi. Nyavu, injini ya mashua, nyuki, reli iliyofika hapa Kisumu mwaka 1901. Mwandikieni hayo bila kumtolea funzo mwishoni, ataliona mwenyewe.

Kwa upande wa hadithi nimegundua kwamba zinazokubalika zaidi ni zile za kale zinazochekesha, na Wayahudi wanazo tele. Kuna mji wa Chelm, huko Poland, ambao katika masimulizi yao wakazi wake wote ni wapumbavu wanaojiona werevu. Waliona mwezi ndani ya pipa la maji, wakalifunika ili wauuze mwezi siku za giza. Nilimsimulia mwanangu hilo jioni moja. Kesho yake nikakuta dramu letu la maji ya mvua limefunikwa kwa mfuniko wa sufuria na tofali juu. Anayemjua Abunuwasi hahitaji kuelezwa utamu wa Chelm. Tofauti ni kwamba Abunuwasi ni mjanja mmoja kati ya wajinga, na Chelm hakuna hata huyo mmoja.

Kuna na Honi. Huyu alikuwa mtu wa Mungu zamani za Hekalu. Mvua ilipokataa kunyesha alichora duara chini, akasimama katikati, akaapa hatoki mpaka inyeshe. Ikaja ya matone. Akasema sikuomba hii. Ikaja ya gharika. Akasema wala hii. Ikaja ya kawaida, lakini haikukatika, watu wakarudi kumwomba aisimamishe. Nilipomaliza, kijana akasema, "Huyo ni Mnganyi." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kwetu Bunyore ukoo wa Nganyi ndio waita mvua tangu enzi na enzi, na siku hizi hata wataalamu wa serikali wa hali ya hewa huketi nao kulinganisha utabiri. Babu yake aliwahi kumwonyesha kichaka chao kwa mbali. Kwa hiyo hadithi ya miaka 2,000 kutoka Yerusalemu ilikuta mahali pa kukaa. Siwezi kukwambia furaha ya baba anapoona hivyo.

Na ile ya Daudi aliyejificha pangoni akimkimbia Sauli, buibui akafuma utando mlangoni, askari wakapita wakidhani hamna mtu? Mzee mmoja Mwislamu hapo Kibuye, muuza viatu, aliisikia nikisimulia, akasema hiyo ni ya Mtume na Abubakari. Tukaishia kunywa chai. Kijana aliamua buibui walikuwa wawili.

Sasa nije kwenye la uchungu. Mwaka jana tulikuwa tunapita barabara ya Oginga Odinga, kwenye nguzo pamebandikwa tangazo la mikopo ya haraka. Mtu mbele yetu akamwonya mwenzake, "Hao ni mashailoki, watakuuzia mpaka godoro." Mwanangu akauliza shailoki ni nini. Mkopeshaji wa riba ya kunyonga, nikamwambia. Neno limetoka wapi? Hapo nilinyamaza mpaka tukafika stendi.

Limetoka kwa Shylock, Myahudi wa mchezo wa Shakespeare, yule aliyedai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake. Nilimsoma ujanani katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Mtu wa kubuni, aliyeandikwa London zaidi ya miaka 400 iliyopita, amekuwa neno la kila siku Kenya, na magazeti yanaliandika kwa herufi ndogo. (Magazeti, Mhariri, sikugombi leo.) Jioni nilimweleza kijana yote, pamoja na kwamba Mwalimu aliwaita mabepari, kwa wingi, na ukiusoma mchezo vizuri wale Wakristo wenye meli nao si malaika. Alisikiliza. Kisha akauliza kama darasani wanajua. Nikasema hawajui, ni neno tu kwao. Akasema, "Basi tusiwaambie."

Je, nimpe asome mchezo ule sasa? Hapana. Si kwamba ni mbaya, umeandikwa kwa ufundi. Ila nataka kwanza kichwani mwake wawemo Wayahudi kama 20 hivi: wanaovua samaki, wanaoiba maembe, wanaoogopa mbwa, wapumbavu wa Chelm, na shangazi zake wa Mbale wanaogombania sufuria. Akishajaa hao, akutane na huyo mmoja wa Venisi. Kwa sasa, katika vitabu vya Kiswahili anavyopata shuleni, Myahudi ni Farisayo wa Agano Jipya, au hayupo.

Kuna kosa nililofanya mwenyewe, nalo silisamehe haraka. Katika ile katoni ya Mmarekani mlikuwa na kijitabu chembamba, jalada lake zuri, msichana na sanduku kwenye kituo cha treni. Kijana alikuwa na miaka 9. Sikukisoma kwanza, nilihukumu kwa unene. Kilikuwa cha mauaji ya Ulaya. Juma 2 alilala karibu na mlango wetu, na tulipokuwa tunaelekea Mbale kwa sikukuu aliniuliza pale Busia, kwa sauti ya chini, kama askari wa mpaka wataandika dini yetu. Wayahudi milioni 6 waliuawa, watoto karibu milioni 1.5. Atayajua yote hayo, ni haki yake na ni wajibu wangu. Lakini si peke yake, tena baba yake akikoroma chumba cha pili.

Aliyemtuliza hakuwa mimi, alikuwa bibi yake. Mama mkwe alikuwa msichana Idi Amin alipopiga marufuku dini yetu Uganda. Alimsimulia akimenya matoke, jinsi walivyosali chumbani kwa minong'ono, mtoto mmoja ameketi nje akijifanya anacheza kumbe ni mlinzi, mpaka Amin alipong'olewa mwaka 1979. Hadithi ile ina hofu kama ile nyingine. Lakini msimulizi yuko hapo, mnene, hai, kisu mkononi, anamwambia apishe maganda. Tangu siku hiyo, kitabu chochote chenye mateso nakipima hivyo: mvulana atakuwa ameketi karibu na nani akikisoma?

Vikwazo vingine ambavyo watu hudhani vinatusumbua havitusumbui. Shujaa wa kitabu akila mutura, na ale. Mwanangu anajua damu si chakula chake, kama anavyojua nyumbani kwa rafiki yake apokee chai na aache soseji. Nikianza kurarua kurasa kwa sababu ya mutura nitabaki na majalada, na majalada ninayo ya kutosha kazini.

Kama kuna mwandishi wa Kiswahili anayesoma barua hii na anatafuta kisa, vipo vimelala hapa hapa. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake Joseph Chamberlain, iliwapa viongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, wazo la kuwahamishia Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi kwenye nyanda za Uasin Gishu. Mkutano wao wa Basel, Uswisi, uligawanyika, wengine wakalia. Mwanzoni mwa mwaka 1905 walikuja watu 3 kukagua: Gibbons, mwanajeshi Mwingereza, Kaiser, Mswisi, na Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Wakapanda kwa reli, wakaingia nyandani na wapagazi na mahema, wakarudi na ripoti, na mwaka huohuo mkutano ukakataa. Kijana wangu aliposikia akaanza kujenga sinagogi Eldoret kwa vidole hewani. Nikamwuliza, na Wanandi ungewapeleka wapi? Mwaka huo walikuwa bado wanapigana na Mwingereza. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipigwa risasi mwezi wa Oktoba. Akanyamaza, akabomoa. Kitabu ninachokiona mimi kina mvulana wa Kinandi aliyelala kifudifudi juu ya kilima, anawatazama wageni 3 wakipima majani, na hajui wanapima nini.

Na Gilgil, njia ya kwenda Nakuru, Waingereza waliwafunga kati ya 1947 na 1948 wapiganaji wa Kiyahudi waliowaleta kutoka Palestina. Baadhi yao walitoroka wakafika Kongo ya Wabelgiji. Hicho ningekiandika kwa uangalifu, kwa sababu wale watu walikuwa wakilipua mabomu, na mvulana anapenda handaki kuliko anavyopenda kuuliza kwa nini mtu amefungwa. Ila ungemwona macho yalivyomtoka.

Nimalizie na Ijumaa moja ya mwezi wa Mei, mvua ya radi, stima ikapotea saa mbili usiku. Mishumaa ya Sabato ilikuwa imebaki vidole viwili. Kwa bahati nilikuwa nimewasha koroboi ukumbini kabla ya jua kuzama, kwa kuwa stima ya mtaa wetu naijua. Kijana alikuwa katikati ya hadithi ya Kiswahili niliyomwazimia maktaba, ya mvulana aliyepanda gari-moshi bila tiketi, na alikuwa amefika pale mkaguzi anapofungua mlango. Sasa, wahenga wetu walikataza mtu kusoma peke yake kwa taa ya mafuta usiku wa Sabato, asije akajisahau akaiinamisha ili iwake vizuri, maana hiyo ni kazi ya moto. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya wahenga hao, inamtaja Rabi Ishmaeli bin Elisha aliyejigamba kwamba yeye atasoma na hatainamisha. Akasoma. Akainamisha. Akaandika katika kumbukumbu zake kwamba Hekalu likijengwa tena atadaiwa sadaka ya dhambi, iliyonona.

Lakini wakiwa wawili kwenye kitabu kimoja wanaruhusiwa, mmoja atamkumbusha mwenzake. Kijana anaijua sheria hiyo kuliko mimi. Alinijia gizani na kitabu. "Baba, njoo tuwe wawili."

Tukakaa sakafuni, migongo ukutani, koroboi juu ya kigoda, mikono yetu mbali nayo. Mwanga ulitosha ukurasa mmoja kwa wakati. Ukurasa wa tatu niligundua kwamba yeye anafika chini kabla yangu. Hakusema kitu. Aliweka kidole kwenye pembe ya ukurasa, akangoja, na nilipofika pale mkaguzi anapoketi juu ya kofia yake mwenyewe alikuwa tayari ananitazama usoni aone kama nitacheka.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kitabu cha samaki amekimaliza mpaka amekichakaza, na sasa anauliza kuhusu ndege wa ziwani. Msomaji yeyote mwenye kitabu cha ndege chenye picha, hata kama kimekatika mgongo na kurasa zimepotea, naomba tubadilishane: nitamjalidia vitabu vyake viwili bure, kwa uzi wa nta. Nipo Kibuye, upande wa viatu, Jumapili hadi Ijumaa saa nane mchana. Jumamosi msinitafute.

Mjalidi vitabu,
Manyatta, Kisumu